SAUTI NDANI YA YAI: Kifaranga ajichongea kizimbani

Tusimtetee. Mjinga wa siku ile alikuwa Kifaranga mwenyewe, na hata yeye, ukimkuta leo, atakuambia hivyo hivyo kabla hujakaa kitini.

Wiki jana tulimwacha kizimbani jasho likimtambaa shingoni, sura yake imejaa ukuta mzima wa mahakama. Wakili wa Kampuni, ile ya mashine za kutotolesha vifaranga, yule bwana ambaye sasa hata makarani wanamwita Tai Nyekundu kwa ile tai yake ya shingoni, alikuwa amebonyeza kitufe, na video ikaanza.

Na kwenye video alikuwa nani? Kifaranga. Mrefu kama nguzo ya umeme, maana jina hilo alipewa na watu wenye mzaha. Amepanda juu ya kreti kwenye maonyesho ya wafugaji, shati limemchomoka, yai ameliinua mkononi kama nahodha aliyekabidhiwa kombe.

"Jamani, sogeeni," alikuwa akisema kule ukutani. "Kifaranga hulia ndani ya yai kabla hajalipasua. Nyinyi hamsikii. Programu yangu inasikia. Naweka kipaza sauti kidogo chini ya trei, programu inasikiliza, na vilio vikizidi inaongeza unyevu ndani ya mashine. Ganda linalainika, vifaranga wanatoka wazima, hawafii mlangoni. Kuna ugumu gani hapo? Hata wewe mama unaweza kuitengeneza, ukiazimwa akili yangu."

Watu wa kwenye video wakacheka. Ndani ya mahakama hakucheka mtu.

Tai Nyekundu akabonyeza tena. Picha ikaganda, Kifaranga wa ukutani kinywa wazi, Kifaranga wa kizimbani kinywa kimefungwa.

"Shahidi, huyo ni nani?"

"Si unamwona."

"Nataka mahakama imsikie."

"Ni mimi."

"Hatujakusikia, feni inavuma."

Na kweli, feni ya pale juu ya kichwa cha Jaji ilikuwa ikivuma kama lori linalopanda mlima. Tangu asubuhi kila shahidi alikuwa akiambiwa rudia, rudia.

"Ni mimi," Kifaranga akasema kwa nguvu zaidi.

"Maonyesho hayo yalifanyika kabla hujapeleka ombi lako la hataza, au baada?"

Kama ndiyo kwanza unajiunga nasi, sikia. Hataza ni hati inayosema wazo hili ni la fulani, na mtu mwingine asiliguse bila leseni yake. Sharti lake kubwa ni kwamba siku unapoiomba, wazo liwe jipya. Likishatangazwa hadharani, basi. Hata kama aliyelitangaza ni wewe mwenyewe.

"Kabla," Kifaranga akasema.

"Kwa hiyo ulipokwenda kwa msajili na kusema wazo ni jipya, ulikuwa umeshawagawia watu wote bure. Juu ya kreti la soda."

"Kreti lilikuwa la mayai."

Hasira humfanya mtu asahihishe vitu visivyomsaidia chochote.

Tai Nyekundu akamgeukia Jaji, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa mnyororo shingoni, asiyependa maneno mengi.

"Mheshimiwa, mdai alitushtaki akidai tumemwibia. Hataza yake imekufa, na aliyeiua anaonekana hapo ukutani. Ya kwetu iko hai. Naomba zuio leo hii. Azime programu yake kila mahali ilipo, na akitaka kuiwasha tena, aje kwetu kuomba leseni kama wengine."

Sasa elewa ya Kampuni ilikuwa ipi. Mashine ya kutotolesha ina feni ndani, inazungusha joto. Feni ikivuma, kilio cha kifaranga ndani ya yai hakisikiki. Hataza ya Kampuni ilisema hivi: programu izime feni kidogo, isikilize, kisha iiwashe. Basi. Na bila hilo programu yoyote ya kusikiliza mayai ni kiziwi, pamoja na ya Kifaranga.

Wiki tatu nyuma, mhandisi wa Kampuni, ambaye jina lake ndilo limeandikwa kwenye hataza hiyo kama mvumbuzi, alikula kiapo kwamba wazo lilimjia peke yake, mezani pake, hajawahi kulisikia kwa mtu. Unamkumbuka. Yule wa sauti ya puani, anayevuta maneno kama anayavuta kutoka kisimani. Leo alikuwa amekaa nyuma ya Tai Nyekundu, miguu amekunja nne, anakagua kucha zake.

"Mapumziko mafupi," Jaji akasema. "Nikirudi, upande wa mdai uniambie kama una la kusema juu ya video hii. Kama hauna, nitatoa amri."

Kifaranga alishuka kizimbani haoni mbele kwa hasira. Nyumbani, chumba ambacho mkewe alitaka kiwe sebule kilikuwa na mashine hadi mlangoni. Programu ile ile ilikuwa kwenye mashine za wafugaji wa mitaa na mitaa. Jirani yake mjane alimpa mayai ya kujaribia, akayaunguza yote, na yule mama akarudi kesho yake na trei jingine, akasema, haya, unguza na haya. Leo aende akamwambie nini? Kwamba programu iliyounguza mayai yake sasa ni ya watu wenye viyoyozi?

Kwenye korido alimkuta mtu aliyekuwa akimtafuta. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, amekumbatia chupa tatu za maji na kutabasamu kama mgeni wa harusi.

"Shemeji, umechangamka sana kule kwenye video."

"Video ile ilipigwa na simu moja tu duniani," Kifaranga akasema. "Na simu yenyewe iko kwenye mfuko wako wa nyuma."

Tabasamu likaanza kuteremka.

"Kunywa maji kwanza, shemeji."

"Nitakumwagia."

"Walikuja watu wawili, wastaarabu kabisa. Wakasema wanatengeneza filamu ya kuwapongeza wavumbuzi. Nikasema kama ni wavumbuzi, shemeji yangu asikosekane. Wakaniomba picha zako ukiwa kazini. Nikawapa."

"Ukawapa."

"Wakasema una sura ya filamu."

Shangazi, aliyekuwa amesimama pembeni na mafaili yake, akakohoa kohozi lisilokuwapo. Huyu ndiye wakili wa Kifaranga. Ni dada wa baba yake, mfupi, mnene, na ulimi wake umeshawatoa machozi watu wazima kwenye mahakama zaidi ya moja.

"Hukuuliza wametoka wapi?" Kifaranga akaendelea.

"Nitauliza nini, na kofia zao zilikuwa na nembo?"

"Nembo ya nani?"

Shemeji akatazama chupa. "Ya Kampuni. Lakini nilidhani ndio wadhamini."

Kifaranga alimkamata ukosi, na chupa zikaanguka, moja ikaenda kugonga mlango wa msalani. Askari wa mahakama akageuka.

"Mwachie shati," Shangazi akasema, bila kupandisha sauti. "Dada yake ndiye aliyelipiga pasi, na wewe unalala kwake."

"Shangazi, huyu ameniua."

"Hajakuua. Aliyepanda kreti ni nani? Ulikuja ofisini kwangu baada ya maonyesho, si kabla. Mdomo umekwenda mbele, akili unaiita nyuma, njoo, njoo. Na mimi hukunieleza. Asubuhi nzima nimepigana na video ambayo mteja wangu anaijua na mimi siijui. Unajua nilivyojisikia? Kama mtu aliyekwenda kutetea nguo zake na hakuzivaa."

Kifaranga akamwachia Shemeji. 

"Wewe," Shangazi akamgeukia Shemeji, "simu yako ilirekodi kwa muda gani?"

"Mpaka ikapata moto ikazima yenyewe."

"Wao wametuonyesha mpaka kwenye ule utani wa mama na akili za kuazima. Halafu kidole kikaenda kwenye kitufe haraka sana. Nilimwona. Baada ya pale kulikuwa na nini?"

"Watu waliuliza maswali," Kifaranga akasema.

"Maswali gani?"

 Ile hasira iliyokuwa inamchemka Kifaranga ikatulia ghafla, kama sufuria iliyoondolewa motoni.

"Mtu mmoja aliuliza, programu inasikiaje na feni inavuma."

"Ukamjibu?"

"Nikamwambia inazima feni kwa pumzi moja. Inasikiliza, inawasha tena."

Shangazi akakaa kwenye benchi taratibu, mafaili kifuani.

"Hayo uliyasema hadharani? Kabla Kampuni haijaomba hataza ya feni?"

"Kabla sana."

"Na kwenye ombi lako mbona hukuyaandika?"

"Shangazi, ni kuzima feni. Nani anaandika kitu kama hicho? Ni sawa na kuandika kwamba ukitaka kusikia, nyamaza."

"Kampuni imeandika," Shangazi akasema. "Imeandika, imepiga muhuri, na sasa inataka kukufungia duka kwa hicho hicho ulichoona aibu kukiandika."

Akamvuta mkono, akamkalisha. Na hapa, msomaji wangu, acha chai ipoe kidogo, maana alichoambiwa Kifaranga pale kwenye benchi si kidogo.

"Sikiliza vizuri, mwanangu. Nina njia mbili. Ya kwanza, niendelee kuipinga video. Wameipata kwa ulaghai, na shahidi ninaye hapa, mwenye sura ya kuaminika na akili ya mtoto mchanga." Shemeji akaitikia kwa kichwa, akidhani amesifiwa. "Jaji akiitupa, hataza yako inaweza kupona. Lakini na yao inapona. Wewe huwezi kufanya kazi bila feni yao, wao hawawezi bila masikio yako. Mtavutana mpaka mvi zikuote."

"Ya pili?"

"Tuikubali. Tuicheze yote. Maneno yako ya feni yanaiua hataza yao, na maneno yako ya mwanzo yanaiua ya kwako. Hakuna wa kukuzuia tena, lakini na wewe hutamtoza mtu leseni. Wazo linakuwa la kila mwenye mashine. Ulilolifanyia kazi miaka yote hiyo, unaliacha mezani, unatoka."

Kifaranga alitaka kujibu. Lakini kwanza kikaja kivuli, na manukato, na tai.

"Wakili mwenzangu," Tai Nyekundu alisema, akitabasamu kwa meno ya mbele tu. "Kijana. Kwa nini tuchoshane?"

"Tuchoshe," Shangazi akasema.

"Tunaiondoa video. Tunaondoa na ombi la zuio. Yeye abaki na hataza yake, sisi na yetu, tupeane leseni, tusameheane. Atakayetaka kusikiliza mayai katika nchi hii atapita kwetu, kisha atapita kwake. Mtu mwenye akili hawezi kukataa."

Shemeji alimgusa Kifaranga ubavuni. "Shemeji, hii si mbaya."

Na haikuwa mbaya, tuseme ukweli. Kifaranga aliona sebule ya mkewe imerudi kuwa sebule.

"Wafugaji wanaoitumia sasa je?" akauliza.

"Watachukua leseni mbili. Kwako na kwetu."

"Asiyeweza?"

"Anunue kuku mkubwa. Kuku mkubwa hahitaji programu."

Alisema kama mzaha. Huenda ulikuwa mzaha. Lakini Kifaranga alimwona yule mjane mlangoni na trei lake la pili, na hasira ikarudi, safari hii haikuja na kelele. Ilimjia baridi, ikamkaa kifuani kama jiwe la mto.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua nini?"

"Ulijua kilichobaki kwenye video. Umeitazama yote. Ukamleta mhandisi wako akaapa, na wewe unajua. Sasa unakuja kuninunua kabla sijakumbuka."

Tai Nyekundu akairekebisha tai ambayo haikuwa na kosa.

"Fikiria mkeo," akasema.

"Mke wangu usimtaje na mdomo huo." Kifaranga alisimama, na aliposimama Tai Nyekundu ilibidi ainue kidevu kumtazama. "Shangazi, ingia ndani. Iue."

"Ipi?"

"Zote mbili."

Jaji aliporudi, Shangazi alikuwa ameshasimama.

"Mheshimiwa, asubuhi niliipinga video hii kwa nguvu zangu zote. Naondoa pingamizi. Naikubali video ya wadaiwa, tarehe yake na kila kilichomo. Ninachoomba ni kimoja. Tuione mpaka mwisho."

Tai Nyekundu aliruka kama aliyekalia pini.

"Mheshimiwa, iliyobaki ni kelele za maonyesho. Tutapoteza muda wa mahakama."

"Asubuhi uliniambia ni halisi toka mwanzo hadi mwisho, haijaguswa," Jaji alisema. "Nimeandika. Icheze."

Ikachezwa. Kifaranga wa ukutani akafunga kinywa, akacheka na watu wake, akamwelekezea mtu fulani kidole. Mtu mwenyewe alikuwa ameipa kamera mgongo, kofia kichwani, na kitu kama daftari mkononi. Midomo ya Kifaranga ikaanza kwenda.

Hakuna kilichosikika. Kuku wa kwenye video wanawika, muziki wa kwenye video unapiga, na juu ya hayo yote feni ya mahakama, vuuu, vuuu. Karani akaongeza sauti mpaka mwisho. Vuuu.

"Kelele, kama nilivyosema," Tai Nyekundu akasema, na rangi ikaanza kumrudia usoni.

Nyuma yake mhandisi alikuwa ameacha kukagua kucha.

"Mheshimiwa." Ni Kifaranga, kutoka kizimbani alikorudishwa, wala hakuulizwa. "Naomba feni izimwe."

"Feni gani?"

"Hiyo juu ya kichwa chako. Kwa pumzi moja tu. Tusikilize, halafu iwashwe."

 Halafu mtu mmoja kwenye viti vya nyuma akaelewa, akaangua kicheko, akawaambukiza wenzake.

"Napinga," Tai Nyekundu akasema.

"Unapinga feni?" Jaji akauliza.

Tai Nyekundu akafikiri jibu lake, akaona bora akae.

"Karani, zima."

Mapanga ya feni yakapunguza mwendo, yakajikokota, yakasimama. Joto likawashukia watu kama blanketi. Video ikarudishwa nyuma, na safari hii sauti ya Kifaranga ilitoka ukutani safi, ya majigambo, ya mpumbavu mwenye furaha:

"Inazima feni, ndugu yangu. Pumzi moja. Inasikiliza, inawasha tena. Vifaranga hawajui hata kama imezimwa."

Kifaranga alishika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili. Aliijua maana yake. Kila neno lililotoka pale ukutani lilikuwa linamvua kitu alichokuwa nacho asubuhi. Hataza yake ilikuwa imekufa, rasmi, kwa kinywa chake, mbele ya shangazi yake. Pale kwenye viti Shemeji alikuwa akifuta macho na mkono wa lile shati lililopigwa pasi.

Lakini video ilikuwa haijaisha.

Yule mtu wa kofia aliinamia daftari lake. Kisha ikasikika sauti nyingine. Ya puani. Inavuta maneno kama inayavuta kutoka kisimani.

"Rudia hapo kwenye feni. Polepole. Naandika."

Mahakama nzima ikageuka. Hakuna aliyeambiwa ageuke. Vichwa vilielekea vyenyewe kwenye benchi la nyuma ya Tai Nyekundu, ambako mhandisi wa Kampuni alikuwa ameteremsha miguu yote miwili sakafuni na kuutazama mlango.

 Shangazi alikaa, akapanga mafaili yake moja juu ya jingine, kama mtu aliyemaliza kazi.

Tai Nyekundu alisimama. Ile tai ilikuwa imepinda sasa, na hakujua.

"Mheshimiwa, huyo mtu ametupa mgongo. Uso hauonekani hata kidogo. Sauti ya puani si kitambulisho, wenye mafua ni wengi. Maneno yale angeweza kuyasema mtu yeyote."

Jaji alivua miwani, akaiacha ining'inie kwenye mnyororo. Akavuta karatasi yake karibu, akachukua kalamu.

"Basi mhandisi asimame, ayaseme yeye. Polepole. Naandika."